Kulinda mashine ya kukamua tui nje ya Kenya: nianzie wapi kabla ya maonyesho?

Fundi wa Jomvu aliuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina karakana ya kuchomelea vyuma hapa Jomvu, na kazi inayonishughulisha zaidi siku hizi ni mashine ya nazi inayokuna na kukamua tui kwa pamoja. Mashine za kukuna ni nyingi pale Kongowea, na za kukamua pia zipo. Jambo ambalo sijaliona kwa mwingine ni namna parafujo ya mashine hii, mzigo unapozidi, inavyorudi nyuma yenyewe kwa nguvu ya springi, ikafungua tundu la pembeni na kuyatoa machicha, kisha ikaendelea na kazi bila mtu kuzima mota na kuchokoachokoa kwa kijiti. Aliyenichorea michoro ni mhandisi rafiki yangu, na mpaka sasa ni sisi wawili tu tuliouona utumbo wa mashine ukiwa wazi.

Nimealikwa kuionyesha katika maonyesho ya kilimo ya Mkomani. Wapo waliokwisha kuniuliza bei kutoka Tanga, Unguja na Moroni, lakini karakana zenye uwezo wa kuiga kitu kama hiki kwa wingi na kwa bei ya chini ziko India, ambako nazi ni zao kubwa. Naomba kuuliza: je, ipo hataza moja inayolinda uvumbuzi duniani kote, au ni lazima nizunguke nchi moja baada ya nyingine? Je, nikiionyesha mashine kabla ya kuwasilisha ombi nitakuwa nimejiharibia? Nauliza hivi kwa sababu yuko mwenzangu anayeshikilia kwamba sheria ya Kenya inampa mvumbuzi mwaka mzima baada ya kuonyesha. Na mtu wa kipato changu aanzie wapi bila kuuza karakana?

Bi Wakala wa Ganjoni alijibu:

Waaleikum salaam, ndugu Fundi. Kazi yangu ni kuandaa maombi ya hataza, kwa hivyo uniwie radhi nikijibu kwa kirefu. Naanza na maonyesho, kwa sababu hilo ndilo lisiloweza kungoja.

Mwenzako hakusema uongo. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 inamsamehe mvumbuzi aliyeufichua uvumbuzi wake mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha ombi. Lakini msamaha huo ni wa Kenya, na kila nchi hupima upya wa uvumbuzi kwa sheria yake. Marekani nayo husamehe miezi 12. Ofisi ya Hataza ya Ulaya haisamehi isipokuwa katika hali chache sana, kama vile mtu kuivujisha siri yako kwa hila, au maonyesho rasmi ya kimataifa ya daraja maalumu. India, ambayo ndiyo inayokutia wasiwasi, huyatambua maonyesho yale tu ambayo serikali yake imeyatangaza katika gazeti rasmi, na sioni namna maonyesho ya Mkomani yatakavyoingia humo. Kwa hivyo mtu akikupiga picha Jumamosi ukiwa umeifungua mashine, akaiweka mtandaoni, na wewe ukawasilisha ombi Jumatatu, Kenya utasikilizwa na India utakuwa umekwisha kuchelewa. Tafadhali wasilisha ombi kwanza. Tarehe ikikubana, peleka mashine ikiwa imefunikwa, watu waone nazi ikiingia na tui likitoka, na asiruhusiwe mtu yeyote kufungua sehemu ya parafujo, hata awe mteja mwenye fedha mkononi. Na ukilazimika kumwonyesha mtu ndani, aweke saini mkataba wa usiri kabla hujashika bisibisi.

Ama hataza ya dunia nzima, haipo, na yeyote anayekuuzia kitu kwa jina hilo umkwepe. Hataza ni haki yenye mipaka. Ile ya Kenya hukuwezesha kumzuia mtu kutengeneza, kuuza, kutumia au kuingiza nchini kitu ulichokivumbua, kwa miaka 20 tangu tarehe ya ombi, ilimradi ulipe ada ya kila mwaka ya kuidumisha. Ukishavuka Lungalunga haina nguvu tena. Kilichopo ni mikataba inayompa mvumbuzi nafasi ya kuzifikia nchi nyingi bila kukimbilia zote kwa siku moja.

Wa kwanza ni Mkataba wa Paris wa mwaka 1883. Ukiwasilisha ombi lako KIPI, yaani Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya iliyoko Nairobi, tarehe ile inakuwa tarehe yako ya kipaumbele, na kuanzia hapo una miezi 12 ya kuwasilisha ombi la uvumbuzi huohuo katika nchi nyingine mwanachama, nawe utahesabiwa kana kwamba ulifika huko siku ile ya kwanza. Mtu akiwahi kuwasilisha ombi lake India miezi mitatu baada ya lako la Nairobi, na lako likafika India mwezi wa kumi na moja, aliyetangulia ni wewe. Muda huo ndio utakaokuruhusu kwenda Mkomani kifua mbele.

Wa pili ni Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao sote tunauita PCT. Ulitiwa saini mwaka 1970, ukaanza kutumika mwaka 1978, na Kenya ikajiunga mwaka 1994. Hapa unawasilisha ombi moja la kimataifa, kwa lugha moja, kabla miezi 12 haijaisha, na ombi hilo linashika nafasi yako katika nchi zaidi ya 150. Waweza kulipitishia KIPI yenyewe, au ofisi ya kanda ya ARIPO, au moja kwa moja kwa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, yaani WIPO, Geneva. Ombi hilo peke yake haliwi hataza mahali popote. Linachokupatia ni ripoti ya utafutaji, ambayo kwa kawaida hufika karibu na mwezi wa 16 tangu tarehe ya kipaumbele, ikikuonyesha maandiko yaliyokutangulia duniani na maoni ya mchunguzi kuhusu kila dai lako (madai nitayaeleza hapo chini). Mwezi wa 18 ombi huchapishwa na kila mtu anaweza kulisoma. Kisha, kufikia mwezi wa 30, au wa 31 katika baadhi ya ofisi, India ikiwamo, ni lazima uamue unaingia nchi zipi, na huko ndiko kila ofisi hulichunguza ombi kwa sheria yake na kukulipisha ada yake.

Naithamini sana ripoti hiyo ya utafutaji, na nasikitika kuona wavumbuzi wetu wakiichukulia kama karatasi tu ya kufuatisha utaratibu. Ikija imejaa maandiko yanayofanana na mashine yako, utakuwa umeokoa fedha ambazo ungezizika katika nchi nne tano. Na ukiamua afadhali uvumbuzi ubaki siri ya karakana, unaweza kuliondoa ombi kabla matayarisho ya kulichapisha hayajakamilika, na hakuna mgeni atakayelisoma.

Kuhusu gharama, jambo moja halitangazwi vya kutosha. Ada ya msingi ya ombi la kimataifa ni faranga 1,330 za Uswisi, na kila ukurasa unaozidi 30 hulipiwa faranga 15, lakini mwombaji ambaye ni mtu binafsi, raia na mkazi wa nchi kama Kenya, hupunguziwa asilimia 90. Aidha, Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ikiwa ndiyo utakayoichagua kukufanyia utafutaji, humpunguzia mtu wa namna hiyo asilimia 75 ya ada ya utafutaji. Hatua ya mwanzo, basi, haikulazimishi kuuza karakana. Gharama kubwa huja mwezi wa 30, unapoingia nchi moja moja na kulipa mawakala na wafasiri wa huko.

Sasa madai, yaani zile sentensi za mwisho wa ombi zinazotaja ni kitu gani hasa unachokilinda. Huko ndiko ninakoona kazi nzuri zikiharibika. Ukiandika kwamba unadai "mashine ya kukamua nazi yenye parafujo na springi", mchunguzi atakuletea mashine chungu nzima za kukamulia alizeti na ufuta, na dai litaanguka. Ukiandika "springi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 40 iliyofungwa nyuma ya parafujo", hataza utapewa, lakini mwigaji ataondoa springi na kutundika uzito mahali pake, nawe huna la kumfanya. Kwa jinsi ulivyoieleza, dai la kwanza lingeizungumzia njia: kiungo kinachoiachia parafujo irudi nyuma mzigo unapopita kiwango fulani, na kurudi huko ndiko kunakofungua tundu la kutolea machicha wakati mota ikiendelea kuzunguka. Springi iwekwe katika dai la pili, uzito katika la tatu. Na kila namna unayoidai ielezwe na kuchorwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu kisichokuwamo katika ombi la kwanza hakiwezi kudai tarehe ya ombi hilo.

Mwalimu wa Tudor aliongeza:

Bi Wakala amesema yote ya msingi. Nitaongeza habari za majirani zetu, kwa kuwa wateja uliowataja, Fundi, wako katika mifumo mitatu tofauti, na watu wengi wa pwani hudhani ni mmoja.

Tanga iko Tanzania Bara, na huko njia iliyo nyepesi kwako ni ARIPO, shirika la kanda lenye makao yake Harare, lililoanzishwa kwa Mkataba wa Lusaka wa mwaka 1976. Chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 unawasilisha ombi moja kwa Kiingereza, unazitaja nchi unazozitaka, kwa mfano Tanzania, Msumbiji na Uganda, na ARIPO yenyewe hufanya uchunguzi wa kina. Ikiridhika, huzijulisha nchi hizo, na kila moja huwa na miezi sita ya kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Isiposema, umepata. Ikiwa ARIPO italikataa ombi, bado una miezi mitatu ya kuomba lishughulikiwe kama ombi la kitaifa katika nchi ulizozitaja. Ombi la PCT pia linaweza kuingia ARIPO, na muda wake ni miezi 31. Uwe mwangalifu hapa: Tanzania ikiendewa moja kwa moja kutoka PCT bila kupitia ARIPO, muda wake wa kawaida umekuwa miezi 21, na mtu aliyezoea kuhesabu 30 anaweza kufika mlango umekwisha kufungwa.

Zanzibar ni jambo jingine. Mali ya viwanda si katika mambo ya Muungano. Bara inasimamiwa na BRELA, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na ofisi yake ya usajili, BPRA. Hati iliyotolewa na BRELA usiichukulie kuwa imeifika Unguja na Pemba. Mwulize wakala wa huko mapema, ndani ya ile miezi 12 ya kwanza, usingoje mwezi wa 30.

Moroni nako kuna mfumo wa tatu. Komoro ni mwanachama wa OAPI, shirika la kanda lenye makao yake Yaounde, linaloziunganisha nchi 17, nyingi zikiwa za Afrika zinazotumia Kifaransa. Kule huchagui nchi: hataza moja ya OAPI hufanya kazi katika nchi zote 17 kwa pamoja, na hakuna njia ya kuipata Komoro peke yake. Ni eneo kubwa, na ada zake ni za eneo kubwa. Ikiwa soko lako huko ni wapishi wachache wa Moroni, mimi nisingeingia. Lakini minazi ipo pia Kodivaa na Benin, kwa hivyo fanya hesabu yako ukiitazama Afrika Magharibi nzima.

Mzee wa Shimanzi aliandika:

Vijana wangu, nimeshughulika na uingizaji na usafirishaji wa mitambo kwa miaka mingi, nami natazama kwa jicho la soko. Nawaheshimu waliotangulia, ila naona mnamtembeza Fundi nchi nyingi kabla hajaishika ya kwake.

Ikiwa mwigaji yuko India, atatengeneza auze wapi? Sehemu ya mali yake ataileta huku huku, na itashukia Kilindini. Hataza ya Kenya inamzuia mwingizaji wa Mombasa hata kama kiwanda kiko Kerala, kwa kuwa kuingiza nchini ni miongoni mwa mambo yanayokatazwa, na mwenye haki anaweza kufungua shauri mbele ya Baraza la Mali ya Viwanda. Hiyo ya Kenya, basi, iwe imara kabla ya nyingine yoyote. Ombi likishawasilishwa KIPI, usilale: uchunguzi wa kina ni lazima uombwe ndani ya miaka mitatu, usipoombwa ombi linahesabiwa limeachwa. Baada ya Kenya, ningechagua nchi moja ambako kitu kinaweza kutengenezwa kwa wingi, na nchi moja au mbili ambako wanunuzi wanajulikana kwa majina yao. Nchi ambayo huna mteja, huna wakala na huna uwezo wa kufungua kesi, hataza yake itakula ada kila mwaka bila kukuletea senti.

Nina ushauri mwingine. Sheria yetu ina cheti cha modeli ya matumizi, kinachodumu miaka 10, na hakikulazimishi uthibitishe hatua ya uvumbuzi, yaani kwamba wazo lako si dhahiri kwa fundi wa kawaida wa kazi hiyo. Yatosha kitu kiwe kipya na kiweze kutumika katika kazi. Kwa mashine ya fundi, naona hicho kingemfaa zaidi kuliko hataza kamili.

Na jina la mashine lisisahauliwe. Sote tunakumbuka kampuni ya Uingereza ilivyoomba kusajili "Kikoy" huko kwao kama alama ya biashara, na wafumaji na wauzaji wa huku wakahangaika kulipinga ombi hilo hadi likashindwa. Ile ilikuwa alama ya biashara wala haikuwa hataza, na watu wamezichanganya mpaka leo. Kwa alama, kipaumbele cha Mkataba wa Paris ni miezi sita tu.

Bi Wakala wa Ganjoni:

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu kuchagua nchi chache tuko pamoja kabisa, na hata hesabu ya India nitaisimamia, kwa sababu ofisi ya huko humtoza mtu binafsi ada ndogo mno kuliko kampuni kubwa. Kuhusu modeli ya matumizi, ninasita. India haina haki ya namna hiyo, kwa hivyo huko Fundi atalazimika kuomba hataza kamili na kuthibitisha hatua ya uvumbuzi. Kwa bahati nzuri, Mkataba wa Paris unaruhusu ombi la modeli ya matumizi la Kenya kuwa msingi wa kipaumbele cha ombi la hataza kwingine, na muda wake ni ileile miezi 12. Anaweza kuanza na modeli hapa bila kujifungia mlango wa India, ilimradi maelezo na michoro viandikwe kwa ukamilifu wa hataza tangu mwanzo.

Fundi wa Jomvu:

Nawashukuru sana, dada yangu, mwalimu, na mzee wetu. Nimeamua mashine haitafunguliwa mbele ya mtu mpaka ombi liwe limepokewa Nairobi. Nina mambo mawili yaliyobaki. Rafiki yangu mhandisi anataka tuanzishe kampuni ili ombi litoke kwa jina la kampuni. Pia tunafikiria kuongeza kifaa cha kupasha moto nazi kidogo kabla ya kukamuliwa, ambacho hakijakamilika. Je, tungoje kikamilike?

Bi Wakala wa Ganjoni:

Msingoje. Wasilisheni sasa kile kilichokamilika. Kifaa cha kupasha moto kikiwa tayari ndani ya miezi 12, kiwekeeni ombi lake KIPI siku hiyohiyo, kisha ombi la PCT lidai kipaumbele cha maombi yote mawili: parafujo itashika tarehe ya kwanza, na kifaa kipya tarehe ya pili. Kikichelewa kupita hapo kitahitaji ombi jipya linalojitegemea, na ni vizuri liwahi kuwasilishwa kabla ombi la kwanza halijachapishwa mwezi wa 18, kwa kuwa baada ya hapo chapisho lenu wenyewe linaweza kutumiwa dhidi yenu.

Kuhusu kampuni, kumbukeni lile punguzo la asilimia 90. Linatolewa kwa watu binafsi tu, na mkiwa waombaji wawili ni lazima nyote wawili mstahili. Kampuni, hata ikiwa yenu wawili na haina mtaji wowote, hailipati kama kampuni ya Kenya. Wala haifai kuwasilisha kwa majina yenu huku mmeshatia saini kwamba haki zitahamia kwa kampuni, kwa sababu masharti yanawataka waombaji wawe wamiliki halisi, wasiofungwa na ahadi ya kuzihamisha kwa asiyestahili punguzo.

Kabla ya hayo yote, ketini wawili mwandike nani alivumbua nini. Ikiwa mhandisi alichora tu ulichomweleza, yeye ni msaidizi na sheria haimhesabu kuwa mvumbuzi. Mlipe kazi yake na akupe hati ya kuthibitisha hivyo. Ikiwa wazo la parafujo kurudi nyuma lilikuwa lake, au mlilipata pamoja, jina lake ni lazima liwemo. Jambo hili lina uzito zaidi nje ya nchi kuliko nyumbani: haki ya kipaumbele ni ya yule aliyewasilisha ombi la kwanza, au aliyeihamishiwa. Mkiwasilisha Kenya kwa majina mawili, kisha PCT ikaenda kwa jina moja bila hati ya makabidhiano, mpinzani wenu huko Ulaya anaweza kukivunja kipaumbele chenu, na maonyesho ya Mkomani yakageuka kuwa ushahidi dhidi yenu. Hati hiyo, ikihitajika, iwe imetiwa saini kabla ya siku ya kuwasilisha ombi la kimataifa.